Kizibao: Vazi la Mabwana, Vazi la Watumishi



Ukisimama asubuhi katika njia panda ya Kikorongo, pale barabara ya kutoka mjini Kasese inapogawanyika, moja ikielekea Mbarara na nyingine ikielekea Bwera hadi mpakani Mpondwe, hutakosa kuona vizibao. Mwendesha boda boda amevaa cha manjano chenye mistari ya kung'aa. Mkusanya ushuru amevaa cha buluu kilichoandikwa mgongoni. Mzee aliyeshuka kutoka vilimani, ambako asubuhi baridi huuma, amevaa koti kuukuu na ndani yake kizibao cha suti ambayo suruali yake haijulikani ilibaki nchi gani. Tunavitazama vizibao hivi kila siku. Leo nakualika tuvisome, kama tunavyosoma shairi darasani, neno kwa neno.

Tuanze na neno lenyewe. Kizibao ni vazi fupi la kiwiliwili, kwa kawaida lisilo na mikono, livaliwalo juu ya shati au juu ya kanzu. Liko katika ngeli ya KI-VI: kizibao changu kimechanika, vizibao vyetu vimechanika. Utalikuta pia likiandikwa kisibau, na katika maandishi ya karne ya 19 kisibao. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alitaja visibao vyenye mikono na visivyo na mikono. Wanafunzi wangu hupenda kulihusisha neno hili na kitenzi ziba, eti ni nguo inayoziba kifua. Wazo hilo linapendeza, lakini umbo la kale lenye sauti s linatuonya tusikimbilie kuliamini. Lugha haina wajibu wa kutupendeza.

Sasa jiulize: nguo hii ina kazi gani? Haisitiri uchi, kwa maana anayeivaa tayari amevaa nguo nyingine. Haizuii mvua. Mikono inaiacha kwenye baridi. Mtu angeweza kuishi miaka mia moja bila kizibao na asipungukiwe na kitu. Kwa hiyo kizibao, zaidi ya nguo nyingi, huvaliwa ili kiseme jambo kwa watu wengine. Na jambo hilo halishonwi na fundi. Huamuliwa na yule aliyeagiza kivaliwe.

Pwani ya Afrika Mashariki, katika enzi ya masultani wa Zanzibar, kizibao kilikuwa nguo ya waungwana. Mwanamume mwenye hadhi alivaa kanzu, juu yake kizibao kilichotariziwa kwa nyuzi za hariri au za dhahabu, na katika siku kubwa akaongeza joho, kilemba na jambia kiunoni. Kila kipande kilieleza ukoo, mali na nafasi ya mtu. Kwa upande wa pili alikuwako mtumwa, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Msomaji, usipite upesi hapo. Katika jamii ile kofia iliweza kumtia mtu matatani. Ndiyo maana, baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria huko Unguja na Pemba mwaka 1897, watu waliopata uhuru walijitahidi kununua kanzu na kofia. Wengine waliwacheka wakisema wanajigamba. Mimi naona walikuwa wakitia sahihi uhuru wao kwa kitambaa, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na karatasi ya kutia sahihi.

Kutoka pwani, lugha na mavazi vilisafiri na misafara. Wafanyabiashara waliifikisha kanzu katika jumba la Kabaka wa Buganda wakati wa Suuna II, katikati ya karne ya 19. Huku kwetu, Waswahili walipita chini ya Rwenzori mwaka 1889, pale Henry Morton Stanley alipokuwa akirudi na Emin Pasha kuelekea pwani, akifuata bonde la Semliki na kupitia Katwe kwenye ziwa la chumvi. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar. Walikuwa wametoka katika misukosuko ya msitu wa Ituri na hawakuwa na nguo za kujivunia. Walichopita nacho ni Kiswahili. Miaka miwili baadaye Frederick Lugard alijenga ngome yake, Fort George, hapo hapo Katwe.

Jambo moja la kushangaza ni kwamba Uganda ilipoipokea kanzu haikupokea kizibao pamoja nayo. Mahali pake likaja koti la Kizungu. Tazama bwana harusi siku ya kujitambulisha kwa wakwe: kanzu nyeupe, na juu yake koti. Mgeni kutoka Mombasa au Lamu, anayejua kanzu na kizibao, hutabasamu anapoona mavazi hayo. Kwetu Bukonzo, ambako katika enzi ya wakoloni watu walitawaliwa chini ya ufalme wa Toro, kanzu na koti vilikuwa alama ya wakuu. Vuguvugu la Rwenzururu, lililotangaza kujitenga mwaka 1962 likiongozwa na Isaya Mukirane, lilikuwa na madai mazito kuliko nguo. Lakini mtu anayedharauliwa huyajua mavazi ya anayemdharau kwa kila kifungo chake.

Na kizibao chenyewe kilikwenda wapi? Kiliingia jikoni. Wakoloni wa Kiingereza walipojenga nyumba za magavana, mahoteli na klabu zao, waliwavalisha watumishi Waafrika kanzu nyeupe, tarbushi nyekundu na kizibao chekundu kilichotariziwa. Yalikuwa takriban mavazi ya mwungwana wa Zanzibar, ila sasa aliyeyavaa alibeba sinia la chai na kuitwa boi hata akiwa na wajukuu. Hakuna uzi uliobadilika. Aliyebadilika ni mwenye kuamuru. Kanzu iliyokuwa heshima ya mwenye nyumba ikawa sare ya asiyeruhusiwa kuketi katika nyumba hiyo.

Usidhani mchezo huu ulianzia Afrika. Huko Uingereza, Oktoba 1666, mwaka mmoja baada ya tauni kubwa na mwezi mmoja baada ya moto ulioteketeza London, mfalme Charles II alitangaza kwamba yeye na watu wa baraza lake wataanza kuvaa vazi jipya, refu la kufika magotini, livaliwalo chini ya koti. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara yake kila siku, alieleza kwamba nia ilikuwa kuwafundisha wakubwa kubana matumizi. Mwenzake John Evelyn aliona kwamba vazi hilo limefuata mtindo wa Uajemi. Kwa hiyo hata kizibao cha Wazungu kina chimbuko la Mashariki, na kinaweza kuitana ndugu na kile cha Zanzibar. Mwezi uliofuata Pepys akaandika habari aliyoisikia: mfalme Louis XIV wa Ufaransa, ili kumkejeli mwenzake, amewavalisha watumishi wake vazi lile lile. Iwe ilitokea hivyo au ulikuwa uvumi wa mjini, watu wa 1666 waliielewa dhihaka hiyo mara moja. Ukitaka kulishusha vazi la mfalme, mvike mtumishi wako.

Naomba nitoke kidogo kwenye nguo, kwa kuwa wewe unajifunza Kiswahili na jambo hili linakuhusu. Lugha yetu ilipitia njia ile ile nchini Uganda. Ilipofika katika jumba la Kabaka Mutesa I ilikuwa lugha ya wageni wenye elimu na bidhaa. Baadaye ikaonekana kuwa lugha ya kuwaamrisha askari, wapagazi na maboi. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alikipinga. Sarufi ilikuwa ile ile, methali zile zile. Ila sikio lilikuwa limeshazoea kuisikia lugha hiyo ikitoka kwa mwenye fimbo. Huku Kasese mambo yalikuwa tofauti kidogo. Reli ilifika mjini mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji. Wafanyakazi walitoka kila upande, na Wakonzo wa huku wana ndugu zao Wanande ng'ambo ya mpaka, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Kiswahili kikawa lugha ya kuombana chumvi na kudaiana mishahara. Lugha ya kudaiana mishahara haiwezi kudharauliwa.

Pamoja na reli na mgodi zilikuja ofisi, na pamoja na ofisi ikaja suti. Suti kamili ya wakati ule ilikuwa na vipande vitatu: koti, suruali na kizibao. Kizibao hiki cha suti kilikuwa na kazi moja ya kweli, nayo ni mfuko mdogo wa saa yenye mnyororo. Saa ya mkononi ilipoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mfuko ule ulibaki bila kazi. Vita vya Pili vikaleta uhaba wa kitambaa, na serikali ya Uingereza ikaweka masharti makali ya ushonaji wa suti. Kizibao kikaanza kupotea ofisini na kubaki kwa mabwana harusi, mawakili, na wahudumu wa hoteli. Tazama safu hiyo: bwana harusi na mhudumu anayempelekea maji wanaweza kuvaa nguo ya mkato mmoja katika karamu moja, na hakuna mgeni atakayewachanganya.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha, hatua chache tu kutoka Bwera, suti ilikutana na amri. Rais Mobutu Sese Seko, aliyeipa Kongo jina la Zaire mwaka 1971, alipiga marufuku suti na tai za Kizungu katika siasa yake ya kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika. Wanaume wa serikali walivaa abakosti, koti lililofungwa hadi karibu na shingo, lisilohitaji tai. Jina lake lenyewe limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na iangamie". Hali hiyo iliendelea mpaka Aprili 24, 1990, siku Mobutu alipotangaza kuruhusu vyama vingi, na katika hotuba hiyo hiyo akawaachia watu uhuru wa kuvaa suti na tai. Mimi huwaambia wanafunzi waitafakari tarehe hiyo. Siku moja, kinywa kimoja, ruhusa mbili: ya kuunda chama na ya kufunga tai. Mtawala aliyetoa ruhusa hizo kwa pamoja alikuwa ameelewa vizuri kwamba ni jambo moja. Lengo la mwanzo, la kumvua Mwafrika unyonge wa kuiga, lilikuwa jema. Ubaya wake ni kwamba mtu hawezi kuvuliwa unyonge kwa kulazimishwa avae nini.

Leo hii, suti za vipande vitatu huja Bwera ndani ya marobota ya nguo za mtumba, ambazo sisi Waganda huziita mivumba. Humo kizibao huwa yatima. Koti limeuzwa Nairobi, suruali imeishia kwingine, chenyewe kinaning'inia kwenye kamba hapa sokoni kikisubiri mnunuzi. Anakinunua kijana anayeimba kwaya, au binti anayekivaa juu ya gauni, au mwashi anayependa mifuko yake minne. Marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa biashara hii polepole, na Agosti 2023 Rais Museveni alitamka tena kwamba nguo hizi zisiingizwe nchini. Mivumba bado ipo. Nami nakiri kwamba sipendi kuona viwanda vyetu vikishindwa, lakini huko katika kamba za mivumba ndiko kizibao kimepata uhuru mkubwa kuliko wakati wowote: hakuna aliyekiagiza, na kila mnunuzi anakipa maana yake.

Hali ni tofauti kabisa kwa kizibao cha kung'aa, ambacho wengi hukiita jaketi ya rifleta. Hiki kilianzia kwenye reli. Mwaka 1964 huko Glasgow, Uskoti, wafanyakazi wa reli walipewa kwa majaribio vizibao vya rangi ya machungwa ili madereva wa treni wawaone mapema. Rangi kali husaidia mchana. Usiku kazi hufanywa na ile mistari, yenye chembe ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva. Ni uvumbuzi mzuri, umeokoa maisha. Lakini nguo iliyobuniwa ili mtu aonekane imepata kazi nyingine, ya kumfanya atiiwe.

Nakukumbusha Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuthibitishwa hapa Bwera. Pale Mpondwe walisimama wahudumu wa afya na wajitolea wa Msalaba Mwekundu na vizibao vyao, wakipima joto la wapita njia na kuwaelekeza mahali pa kunawa mikono. Maelfu ya watu, wakiwa na mizigo kichwani na haraka ya soko, walisimama na kupimwa. Kizibao kiliwafanya waaminiwe, na kuaminiwa huko kulistahili, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na maarifa, kazi ya hatari na shirika linalojulikana.

Sasa linganisha. Katika soko moja la wilaya yetu, ambalo sitalitaja, kijana mwenye kizibao kipya alitusimamisha mimi na wanafunzi wawili akidai ada ya kupita langoni. Nilipomwomba risiti, alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema tupite. Kizibao kama chake kinauzwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana. Hakina kiapo, hakina sheria, hakina mshahara nyuma yake. Anayekusanya ushuru kihalali ana kitambulisho na kitabu cha risiti, na haoni vibaya kuulizwa. Na jambo likifikia kukukamata, Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inataka uelezwe papo hapo sababu za kukamatwa kwako na haki yako ya kuwa na wakili, tena kwa lugha unayoielewa. Isome ibara hiyo wewe mwenyewe. Huko Bwera lugha hiyo inaweza kuwa Lukonzo, inaweza kuwa Kiswahili. Uliza kwa adabu, "Samahani ndugu, unafanya kazi kwa niaba ya ofisi gani?" Sentensi hiyo ina maneno tisa, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuitamka bila kosa.

Wafaransa walikigeuza kizibao hiki kwa namna ambayo serikali yao haikuitarajia. Tangu 2008 sheria ya nchi hiyo ilimtaka kila dereva awe na kizibao cha kung'aa ndani ya gari. Basi Novemba 17, 2018, kodi ya mafuta ilipowachosha watu wa vijijini na miji midogo, walitoa vizibao vyao vya manjano kwenye magari, wakavivaa, wakafunga barabara nchi nzima. Serikali ilikuwa imewashonea waandamanaji sare miaka kumi mapema bila kujua. Mwezi uliofuata magazeti yaliripoti kwamba Misri, nchi iliyo mbali na Paris, imezuia maduka yasiwauzie wateja wa kawaida vizibao vya manjano. Nguo ya usalama barabarani ilikuwa imegeuka kitu cha kuogopwa na wakubwa.

Kwetu, majira ya uchaguzi ndiyo hukionyesha kizibao kilivyo. Mgombea huwagawia waendesha boda boda vizibao vya bure, picha yake mgongoni, jina la chama kifuani. Mwendeshaji anakihitaji kweli, maana usiku ni mrefu na malori ya Kongo hayapungui. Lakini wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na hiki cha kupewa kina masharti yasiyoandikwa: abiria wa chama kingine humkwepa, na kura zikihesabiwa vibaya kwa mgombea wake, dhihaka humwangukia yeye. Nimewaona baadhi yao katika barabara ya Mpondwe wakikigeuza ndani nje ili kuficha picha. Picha inafichika, na mistari ya kung'aa inafichika nayo. Dereva wa lori anayetokea kwenye kona saa mbili usiku haoni kitu mbele yake. Cha rangi tupu, kisicho na sura ya mtu, hupatikana kwenye maduka ya vipuri pale Kasese. Mwendeshaji anayeweza kukilipia hukivaa upande wake sahihi mwaka mzima, kabla ya kura na baada yake.